Ugezi wa roboti au haptiki? Ulinganisho kwa anayetafuta mada ya utafiti

Wiki chache kabla ya tarehe ya kuwasilisha mapendekezo ya utafiti, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja: "Kaka, shikamoo. Nimebaki na mada mbili, zote za roboti. Nichukue ipi?" Mada zenyewe hubadilika majina, lakini mara nyingi ni hizi hizi. Ya kwanza ni ugezi wa mkono wa roboti, au kalibresheni kama wanavyoita mafundi: kuhakikisha kwamba roboti ikidhani mkono wake uko mahali fulani, uko hapo kweli. Ya pili ni haptiki, elimu ya kupapasa: kumfanya mtu aguse kitu kilichomo ndani ya kompyuta na mkono wake ukubali kwamba kipo.

Kuchanganyikiwa kati ya hizi mbili si ujinga. Kwa nje ni ndugu. Zote zina mkono wenye viungo, enkoda za kusoma pembe na hesabu ya kuhamisha mwendo wa viungo kuwa mwendo wa ncha. Wako watafiti waliolima mashamba yote mawili. John Hollerbach wa Chuo Kikuu cha Utah ni mmoja wao, jina lake utalikuta kwenye makala za ugezi na za haptiki pia. Tofauti huonekana siku ya kuulizwa kama kazi yako ni sahihi. Kwenye ugezi anayeamua ni rula. Kwenye haptiki anayeamua ni kidole cha mtu.

Mambo ninayoyapima

Nitazitazama zote kwa mambo sita: swali linalotafutiwa jibu, hesabu utakayokesha nayo, vifaa na mfuko, nani anaamua kwamba umepatia, mahali panapouma, na kazi inayoweza kufuata. Sitapima ugumu wa jumla. Nimeona wenye akili nyingi wakikwama kwenye zote mbili, na wa kawaida wakimaliza.

UGEZI WA ROBOTI

Swali

Fikiria mizani ya buchani inayosoma kilo 1 na gramu 100 kila unapoweka kilo 1. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Haitikisiki, ila inadanganya. Roboti za viwandani ziko hivyo. Mkono ukifundishwa sehemu kwa kuongozwa hadi pale, utarudi palepale ndani ya sehemu chache za mia za milimita. Lakini ukiupa namba kutoka kwenye kompyuta, uuambie uende mahali ambapo haujawahi kufika, unaweza kukosea milimita nzima au zaidi. Ugezi unashughulikia uongo huo wa pili. Hauigusi mashine kwa spana. Unarekebisha picha ambayo mashine inayo kuhusu mwili wake.

Ukubwa wa kosa unaweza kuupata kwa kalamu. Kiungo cha begani kikikosewa kwa nyuzi 0.1, ncha iliyo mita 1 mbele inahama karibu milimita 1.7. Kwa anayepaka rangi, si kitu. Kwa anayetoboa matundu ya ribiti kwenye bawa la ndege, tundu limeharibika.

Hesabu

Utaishi na maelezo ya Denavit na Hartenberg ya mwaka 1955, ambayo hukipa kila kiungo vigezo 4, yaani namba za urefu na pembe. Mkono wa viungo 6 vya kuzunguka unakuwa na vigezo 24, na ukiongeza 6 vya kueleza roboti imesimama wapi na imeshika nini, vinafika 30. Hivyo ndivyo unavyovitafuta. Unaandika mfano, unapima, unatafuta vigezo vinavyopunguza tofauti kati ya mfano na vipimo, kisha unaingiza marekebisho. Hatua nne, na hesabu yake ni ya miraba midogo kabisa (kupunguza jumla ya makosa yaliyozidishwa kwa yenyewe) na matriksi.

Kuna mtego unaomkamata kila mgeni. Viungo viwili vikiwa na mihimili sambamba, kama cha pili na cha tatu cha ile roboti ya zamani, PUMA 560, maelezo ya Denavit na Hartenberg yanavunjika: mhimili ukiinama kidogo tu, kigezo kinaruka mbali sana. Mtafiti aitwaye Samad Hayati alipendekeza dawa mwaka 1983, kwa kuongeza mzunguko mmoja kwenye viungo vya namna hiyo. Usipolijua hili, programu yako itatoa namba za ajabu na utailaumu kamera.

Vifaa na mfuko

Hapa wengi hukata tamaa mapema bila sababu. Wanasoma makala zinazotumia leza ya kufuatilia, ile mashine inayofuata kioo kidogo kilichofungwa kwenye ncha ya roboti na kusoma mahali pake kwa mikroni. Bei yake ni ya nyumba. Wanafunga kitabu.

Ziko njia nyingine. Kamera ya kawaida na karatasi ya miraba kama ubao wa drafti inatosha kuanzia, na programu za bure za kuchakata picha zina hesabu yake tayari. Njia ninayoipenda zaidi ni ya kufunga ncha. Mwaka 1991 Bennett na Hollerbach walionyesha kwamba ukiizuia ncha ya mkono kwa namna inayojulikana, kisha ukaubadilisha mikao, pembe za viungo peke yake zinatosha kufichua vigezo. Huhitaji macho ya nje.

Niliwahi kuijaribu kwa mkono mdogo wa mezani. Bamba la chuma, tundu lililochongwa vizuri, ncha yenye gololi ikikaa humo ndani, na mimi nikiuzungusha mkono huku na huko mota zikiwa zimezimwa, daftari pembeni. Mikao 60. Hesabu ikatulia haraka, makosa yakashuka, nikafurahi. Halafu nikagundua kwamba urefu wote wa mkono ulikuwa umepungua kwa kiwango kilekile, kama mtu aliyepigwa picha ndogo. Bila shaka: tundu moja halijui sentimita ni nini. Ukigawa kila urefu kwa mbili, ncha bado iko tunduni. Lazima urefu mmoja ujulikane kwa uhakika kutoka nje. Nikaongeza tundu la pili, nikapima umbali kati ya matundu, na mambo yakakaa. Umbali huo unaweza kupelekwa kwenye maabara ya ugezi ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, ukapata cheti. Cheti hicho kimoja kinaipa tasnifu yako mgongo.

Nani anaamua

Rula. Unachukua mikao ambayo hukuitumia kutafuta vigezo, unapima kosa kabla na baada, unatoa namba. Kiwango cha ISO 9283 kinaeleza namna ya kupima usahihi na urudiaji wa roboti, kwa hiyo hutabishana na mtahini kuhusu maana ya maneno. Kama namba imeshuka, imeshuka.

Panapouma

Mikao. Kama kila kigezo kinaonekana kwa sura moja katika mikao yako yote, hesabu haiwezi kukitenganisha na jirani yake, hata ukipima mara 500. Kwenye karatasi, mikao 10 hivi inatosha kwa mkono wa viungo 6 ukipima mahali pa ncha, kwani kila mmoja unatoa milinganyo 3. Kwa kweli utachukua 50 na kuendelea, tena kwa kuichagua.

Halafu joto. Alumini ya urefu wa mita 1 ikipata nyuzi 10 zaidi hurefuka karibu milimita 0.23. Anayepima Dar es Salaam saa moja asubuhi, akarudi saa nane mchana feni ikiwa imegoma, amepima roboti mbili. Kuna pia gia zinazolegea na viungo vinavyojipinda kwa uzito wa mkono, na hivyo havimo katika vile vigezo 30.

Kazi baadaye

Ujuzi huu unahamishika. Anayejua kugeza kamera na mkono anaweza kukaa kwenye karakana ya mashine za kuchonga zinazoendeshwa na kompyuta, kwenye taasisi ya viwango, kwenye upimaji wa ardhi kwa droni, au kwenye kiwanda chochote chenye roboti ya kupanga katoni. Si kazi ya kupigiwa makofi. Ukifanya vizuri, hakuna anayegundua kwamba kulikuwa na tatizo.

HAPTIKI

Swali

Chukua mpini mdogo uliounganishwa na mota. Kompyuta inajua mpini uko wapi. Ukiusukuma na ukavuka mstari fulani, mota inaanza kukusukuma kwa nguvu inayoongezeka kadiri unavyozidi kuingia. Fumba macho: kuna ukuta. Hakuna ubao wala tofali, kuna mlinganyo mmoja tu wa springi, lakini mkono unasema kuna ukuta. Swali la haptiki ni hilo likikuzwa: ni kiasi gani cha uongo kinatosha ili mwili wa mtu uamini?

Asili yake ni ya zamani kuliko wanavyodhani vijana wa miwani ya uhalisia pepe. Kule maabara ya Argonne, Marekani, Ray Goertz alitengeneza mikono ya kushikia vitu vyenye mionzi kwa mbali, na mwendeshaji akahisi uzito wa alichoshika. Mwaka 1967, Chuo Kikuu cha North Carolina kikaanza mradi wa GROPE chini ya Frederick Brooks, ambao baadaye uliwapa wanakemia nafasi ya kupapasa molekuli. Mlango ulifunguka kweli mwaka 1994, Thomas Massie na Kenneth Salisbury wa MIT walipoeleza PHANToM, mkono mdogo wa mezani unaoshikwa kama kalamu. Ndiyo, ni Massie huyohuyo aliyeingia Bunge la Marekani mwaka 2012. Utafiti hukutupa popote.

Hesabu

Jiometria ya mkono ni ileile, lakini unaongeza muda. Jicho linaridhika na picha 30 au 60 kwa sekunde. Kwa mkono, kawaida ni kukokotoa nguvu mara 1,000 kwa sekunde, na sababu yake inastahili kukaliwa.

Kompyuta haioni mpini mfululizo; inaona kwa kupepesa. Kati ya kupepesa na kupepesa, mpini unasogea na nguvu inabaki ya zamani. Ukiingia ukutani, nguvu inachelewa kupanda. Ukitoka, inachelewa kushuka. Kwa hiyo ukuta unakurudishia nishati kidogo zaidi ya uliyoiweka. Ukuta unaozalisha nishati si ukuta tena, ni kitu kilicho hai. Mpini unaanza kutetemeka na kulia kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe.

Mtafiti Colgate na wenzake waliweka mpaka kwa mlinganyo mfupi: msuguano wa asili wa kifaa lazima uzidi ugumu wa ukuta ukizidishwa na muda wa kupepesa, kisha ukagawanywa kwa mbili. Weka namba. Kifaa chenye msuguano wa niutoni-sekunde 0.5 kwa mita, kikikokotoa mara 1,000 kwa sekunde, kinaweza kuonyesha ukuta wa hadi niutoni 1 kwa kila milimita. Sukuma kwa niutoni 3, umezama milimita 3: ukuta unafanana na raba ngumu. Punguza hadi mara 200 kwa sekunde, na ukuta wako mgumu kuliko wote unazamisha milimita 15. Hiyo ni godoro. Ndiyo maana watu wa haptiki hugombania mikrosekunde kama wachuuzi wanavyogombania kivuli.

Kuna tatizo jingine la kufurahisha. Tengeneza ubao mwembamba, usukume kwa nguvu. Ncha ikishavuka katikati, hesabu rahisi inaona upande wa pili uko karibu zaidi, na inakusukuma utokee huko: umepita ubao kama mzuka. Mwaka 1995 Zilles na Salisbury wakatoa suluhisho la kuweka nukta ya pili, ambayo haikubali kamwe kupita uso wa kitu, halafu mkono unavutwa kuielekea. Nukta hiyo inakumbuka uliingilia wapi.

Vifaa na mfuko

Vifaa vya kununua, kama Touch iliyotokana na ukoo wa PHANToM, ni dola elfu kadhaa. Kwa pesa hizo unapata nguvu ya juu ya niutoni 3.3, kiasi cha kuinua gramu 330 hivi. Lakini upo mlango wa chini: padeli ya mhimili mmoja iliyochapishwa kwa printa ya 3D, mota ndogo, na bodi ndogo ya kompyuta ya aina ya Arduino. Hapkit ya Chuo Kikuu cha Stanford imejengwa hivyo, na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Mhimili mmoja unatosha kwa maswali mengi mazuri. Anayekuambia lazima uwe na viungo 6 anataka picha ya jalada.

Nani anaamua

Hapa ndipo wahandisi wengi huteleza. Huwezi kusema ukuta wako ni mzuri kwa sababu grafu imenyooka. Lazima watu waje, wafumbe macho, wapapase, na waseme upi ni mgumu zaidi kati ya miwili, mara kadhaa kadhaa, kwa mpangilio wa bahati nasibu. Mkono wa mtu una uvivu wake: tofauti ya nguvu chini ya sehemu moja ya kumi hivi mara nyingi haiioni, na kwa ugumu wa kitu ni mvivu zaidi. Kwa hiyo unaweza kukesha mwezi ukiboresha kitu ambacho hakuna atakayekihisi.

Mfano wake bora ni Treadport ya Utah, mkanda mpana wa kutembelea mbele ya picha kubwa, na mtembeaji amefungwa kiunoni kwa mkono wa mashine nyuma yake. Mkanda hauhitaji kupanda wala kushuka. Akifika kwenye kilima cha kwenye picha, mkono unamvuta nyuma, kama mlima ungefanya. Kwa mtu wa kilo 70 kwenye mwinuko wa nyuzi 10, hesabu ya fizikia inatoa niutoni 119 hivi. Lakini walipoulizwa ni mvuto upi unafanana na kilima cha kweli, watu walichagua pungufu ya hapo. Mvutano wa dunia unashika mwili mzima. Mashine inashika mahali pamoja, na mahali pamoja huhisi zaidi. Fizikia ilikuwa sahihi, kiuno kikakataa.

Panapouma

Watu. Kupapasa na washiriki kunahitaji kibali cha maadili, na kibali cha utafiti kupitia tume ya sayansi, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya. Hesabu muda huo ndani ya ratiba. Washiriki wenyewe huchoka, husinzia, hukufurahisha kwa majibu wanayodhani unayataka. Sauti ya mota huwapa majibu, kwa hiyo unawavisha vipokea sauti. Na takwimu utakazohitaji ni za saikolojia, somo ambalo wahandisi wengi hatukulisoma.

Kazi baadaye

Mafunzo ya upasuaji na meno, simu na vidhibiti vya michezo vinavyotetema, mikono ya kuendeshea mashine kwa mbali. Kwetu Afrika Mashariki milango hii bado ni michache. Wengi wanaoipenda huishia kufanya kazi na timu za nje, au kugeukia elimu ya tiba kwa vifaa vya bei nafuu, eneo ambalo kwa maoni yangu lina njaa kubwa.

ZINAPOKUTANA

Kifaa cha haptiki nacho ni roboti, na kikiwa hakijagezwa kinakosea mahali na kinakosea nguvu. Ile PHANToM Omni ilikuwa na kishimo kama cha wino: ukirudisha kalamu humo, inajua upya pembe zake ziko wapi. Kwa hiyo mada ya tatu ipo, kugeza kifaa cha haptiki cha bei ya chini kisha kuuliza kama watu wanahisi tofauti. Ni nzuri, ila unakuwa na waamuzi wawili, na kwa shahada ya miaka miwili mimi ningeogopa.

KWA HALI YAKO

Kama chuo chako kina mkono wa viwandani uliokaa na vumbi, na muda wako ni mwaka mmoja na nusu, ugezi utakufaa zaidi. Chukua kamera au bamba la matundu, usisubiri leza. Namba za kabla na baada utazipata kabla ya muhula wa mwisho.

Huna roboti kabisa, ila una printa ya 3D na unapenda kuandika programu inayokimbia kwa kasi? Haptiki ya mhimili mmoja itakuweka kazini ndani ya wiki mbili. Anza maombi ya kibali siku hiyohiyo unayoagiza mota.

Ukiwa mtu wa kuudhika na majibu ya "inategemea", kaa na rula. Ukiwa mtu wa kufurahi mtu anaposhtuka kwa kugusa kitu ambacho hakipo, ugezi utakuchosha kufikia mwezi wa tatu.

Mwenye nia ya kuajiriwa nyumbani haraka ana sababu zaidi za kwenda kwenye ugezi. Mwenye mwenzi wa utafiti katika shule ya tiba au ya meno ana kitu ambacho wahandisi wengi wa haptiki hawana, na asikiache.

Na usiandike kichwa cha habari juu ya karatasi kabla hujaenda maabara kukiona kifaa kwa macho yako. Kiwashe. Muulize fundi wa maabara mara ya mwisho kilifanya kazi lini, na nani anashika ufunguo wa chumba siku za Jumamosi.